Shavu Nene la Samaki wa Mti

Samaki wa mti asiyesimama wima majini ni kuni tu. Unaweza kumpaka rangi akapendeza kuliko bibi harusi, unaweza kumtia macho ya kioo na mapezi ya bati, lakini ukimtupa mtoni akalala ubavu, samaki wa kweli atampita kama anavyolipita jani. Nalijua jambo hilo kuliko ninavyozijua sala zangu. Jirani yangu alipoondoka Kolwezi, nilikaa muda mrefu nikitengeneza samaki wa kulala ubavu tu.

Nilikuwa fundi wa modeli kwenye fonderi ya kampuni, pale walipoyeyusha shaba na chuma ili kumwaga vifaa vipya. Pampu ikivunjika kule mgodini, kabla ya kumwaga nyingine lazima awepo mtu wa kuichonga kwanza kwa mti, umbo lilelile, tundu lilelile. Mtu huyo nilikuwa mimi. Modeli yangu ilikuwa nusu mbili zinazoshikana kwa vijiti vidogo, nusu ya chini na nusu ya juu. Ilikwenda kwa fundi wa mchanga, akaizika ndani ya mchanga, akaushindilia, kisha akaichomoa taratibu, na pale ilipokuwa imelala pakabaki nafasi ya kumiminia shaba. Ili asikosee, nilitia nukta nyeusi kwenye nusu ya juu, ndani, pale inapokutana na mwenzake. Na hiyo nusu ya juu niliiachia unene zaidi kidogo kuliko ile ya chini, kwa sababu takataka za shaba iliyoyeyuka hupanda juu kama povu la maharage. Upande wa juu hutoka na makovu, lazima uparuliwe kwa mashine, na usipoacha nyama ya kuparua, kifaa kinaishia kuwa chembamba. Nilifundishwa hivyo nikiwa kijana, kwa rula ya mti juu ya vidole, mpaka mkono ukawa unafanya wenyewe bila kuniuliza.

Fundi wa mchanga aliyepokea modeli zangu ndiye huyo jirani yangu. Baba yake aliletwa kutoka Kasai kuchimba shaba, na yeye akazaliwa Kolwezi, akabatizwa Kolwezi, akaoa Kolwezi. Mimi watu wangu ni wa kaskazini ya Katanga. Alinizidi umri kidogo, nikamwita yaya, kama tunavyomwita kaka mkubwa, naye akaniita mudogo. Nyumba zetu za kampuni zilipakana, katikati kukiwa na ua wa miti midogo, na ua huo ulikuwa na tundu ambalo hakuna aliyekumbuka nani alilitoboa. Chumvi ilipita hapo, makaa yalipita hapo, maneno ndiyo usiseme.

Tabia yangu sharti niitaje mapema. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, hasa juu ya kazi yangu. Mzee mmoja wa mashine aliwahi kuniambia mbele ya watu kwamba modeli yangu imepinda. Haikuwa imepinda. Nilichukua kipimo, nikamwonyesha, kisha sikumsemesha tena mpaka alipostaafu. Mke wangu husema mimi nikipita karibu na msumari ulioinama, nadhani umenitukana. Yaya alikuwepo siku ile ya mzee wa mashine, amekaa juu ya kilima chake cha mchanga, anacheka kimyakimya huku mabega yakimtikisika.

Samaki wa mti tulimkuta Nzilo. Jumapili, baada ya misa ya kwanza, tulikuwa tunapanda baiskeli kwenda kwenye ziwa la bwawa, kuvua kwa mnyoo kama watu wote. Siku hiyo yaya aliona kitu kimenasa kwenye kijiti kando ya maji. Alikuwa samaki mdogo wa kiwandani, rangi imemtoka, ndoana zimeoza, jicho limebaki moja, na chini ya kidevu ana ulimi wa plastiki wa kumtikisa majini. Labda aliachwa na mmoja wa wazungu waliokuwa wakija na mashua. Yaya alimfunga kwenye uzi wake, akamvuta majini, na yule samaki mfu akaanza kutikisa mkia kama ameitwa kwa jina. Tulimvuta mpaka jua likawa kali, tukipokezana kama watoto, na hatukupata hata samaki mmoja.

"Mudogo," akaniambia, "we unachonga pampu. Hii utashindwa?"

"Mi sishindwe. We njo utashindwa kumufanya aogele."

Ndivyo tulivyogawana kazi, kwa utani tu. Mimi nilichonga mwili, kwa mti mwepesi wa modeli, nusu mbili zenye vijiti vyake na nukta yake ndani, maana sikujua njia nyingine ya kuchonga. Nilimkabidhi nusu hizo kupitia tundu la ua. Yeye alifanya kazi ya ndani. Aliyeyusha risasi ya betri za zamani ndani ya kopo, akamtia samaki tumbo zito, akapitisha waya kutoka mdomoni hadi mkiani, akagandisha nusu mbili kwa gundi, akaziba kiungo kwa mastiki, akakata ulimi kwenye kifuniko cha sufuria. Nyuma ya nyumba yake palikuwa na pipa la maji na kigoda. Alikaa hapo akimtia samaki majini, akimtoa, akimtazama, akimrudisha. Sikwenda kumchungulia. Mtu hachungulii chungu cha mwenzake. Baada ya siku kadhaa samaki alirudi kupitia tundu, amepakwa rangi ya kucha ya mke wake, na tukienda Nzilo anaogelea wima kama mtu mwenye haraka.

Tulikuwa na samaki wengi. Wekundu kwa maji ya matope, weupe kwa kiangazi, na mmoja wa kijani mwenye madoa ambaye yaya alimpenda sana na mimi nilimwona mbaya. Samaki wa meno walimkimbilia kwa hasira, tukawasikia wanamgonga kabla uzi haujakaza. Wavuvi wa Nzilo walikuja kutuomba mmoja, nasi tukajifanya wakubwa. Wakiuliza nani amemtengeneza, yaya alinielekeza kwa kidevu. "Mwili ni wake," alisema. "Mi naweka paka uzito tu." Nami nilivimba kichwa, sina haja ya kuficha.

Kisha kampuni ikaanza kufa. Haikufa siku moja. Mgodi mkubwa wa chini ya ardhi uliporomoka, pampu zikanyamaza, vipuri havikuja tena, mshahara ukawa jambo la kusimuliana. Fonderi iliwasha tanuru mara moja moja, kisha haikuwasha tena. Tulikwenda kazini asubuhi kwa mazoea, tukasimama mlangoni mikono mifukoni, tukarudi. Samaki wa Jumapili wakawa chakula cha wiki.

Na njaa ilipokuwa imeshakaa vizuri nyumbani mwa kila mtu, wakatokea wakubwa wa kutuambia nani ameileta. Walisema ni watu wa Kasai. Waliwaita wadudu, kwenye mikutano, kwa kipaza sauti, na watu niliokunywa nao pombe walipiga makofi. Vijana walipita barabarani wakiwa na matawi na fimbo, wakaanza kuonyesha nyumba kwa vidole. Wengine waliipata nyumba ya kuhamia kabla mwenyewe hajamaliza kufunga mizigo.

Yaya alikuja kwenye tundu la ua jioni moja, jua bado lipo. Hakuwa na samaki mkononi.

"Banatuambia turudi kwetu," akasema. "Mudogo, mi nilizalikiya hapa. Kwetu njo wapi?"

Nilimwambia neno la kijinga, kwamba labda mambo yatapoa. Aliitikia kwa kichwa, kwa adabu, jinsi mtu anavyomwitikia mgonjwa. Kisha akapitisha kigoda chake kwenye tundu, na pipa tukalizungusha wote wawili kwa mlango wa mbele, kwa sababu tundu halikulitosha. "Uchunge," akasema. "Wasije wakapikia pombe ndani."

Nilimbebea godoro hadi gare, kituo cha treni. Njiani kijana mmoja aliyekuwa akisoma na watoto wangu aliniuliza kama na mimi nimekuwa mdudu. Nilimjibu kwa tusi ambalo siwezi kuliandika, na yaya akanivuta mkono tusonge mbele. Gare ilikuwa imejaa watu hadi kwenye reli, familia juu ya magodoro, sufuria, mashine za kushonea, mlango wa nyumba wa mtu mmoja aliyekataa kuuacha. Wote wakisubiri treni ya kwenda Kamina na kuendelea Kasai, na treni ilikuwa haiji.

Nilikwenda kumwona kila nilipoweza. Mke wangu alipika bukari, yaani ugali, na mboga za majani, akaifunga kwa kitambaa, akaniambia nisipite barabara ya soko. Yaya alikuwa amekonda, na mvua ilikuwa imemharibia godoro, lakini bado alikuwa mwenye utani. Aliniuliza Nzilo maji yamefika wapi. Aliniuliza kama nimeenda peke yangu. Nikamwambia siwezi kwenda peke yangu, nitaongea na nani. Akasema niongee na samaki, wao hawakasiriki haraka kama mimi.

Mara ya mwisho nilimpelekea mwili wa samaki mpya. Nilikuwa nimeuchonga kwa siku nyingi, nikauparua kwa msasa mpaka ukang'aa, kwa kuwa sikujua kitu kingine cha kumpa. Aliuchukua, akaushika kwa mikono miwili, vidole gumba vikapita polepole juu ya mashavu, kulia na kushoto. Akacheka. Ni kicheko kilekile cha kilima cha mchanga, mabega tu.

"Hii njo yako kabisa," akasema. "Hata kipofu anaweza kuyua. We hautabadirika."

"Nibadirike juu ya nini?"

"Hapana, mudogo. Usibadirike."

Akauweka mfukoni mwa koti lake. Treni ilikuja siku ambayo sikuwepo. Nilifika na kitambaa changu cha bukari nikakuta mahali pao pamelala watu wengine, wananitazama kwa hofu, wakidhani nimekuja kuwafukuza. Niliwaachia chakula. Nilirudi kwa barabara ya soko, makusudi, nikitamani mtu aniulize swali ili nimpige. Hakuna aliyeniuliza.

Nilipata upweke ambao sikuujua kabla. Nilikuwa na mke, nina watoto, nina kanisa, na bado nilikuwa kama mtu aliyebaki peke yake kwenye mji. Kule ng'ambo ya ua walihamia watu wengine. Hawakuwa watu wabaya. Waliziba tundu kwa bati wiki ileile waliyoingia, na mimi nikawachukia kwa bati hilo kuliko kwa nyumba.

Nzilo nilianza kwenda peke yangu, kwa sababu tumbo halijui huzuni. Nilikuwa nimebaki na samaki wetu wachache. Maji hayana huruma na vitu kama hivyo. Mmoja alinasa kwenye miamba, nikavuta mpaka uzi ukakatika. Mwingine alikwenda na samaki wa meno aliyekata waya kama nyasi. Kila nilipopoteza mmoja nilikaa chini kwanza. Mwishowe akabaki mmoja tu, yule wa kijani mwenye madoa, yule niliyemwona mbaya.

Nikamtundika ukutani, nikaapa hatagusa maji tena mpaka nitakapopata mwenzake. Nikaanza kutengeneza. Nilidhani ni kazi ndogo. Kazi ngumu, mwili, niliijua. Kuweka uzito kuna nini? Nilichonga nusu mbili, nikapima katikati kabisa ya tumbo, nikachimba nafasi sawa kwenye kila nusu, nikamimina risasi, nikagandisha. Nilimtia kwenye pipa la yaya. Akainama taratibu, akalala ubavu, shavu moja likitazama mbingu.

Nikaongeza risasi. Akazama kama jiwe. Nikapunguza, akalala. Nikabadili ulimi, nikaupinda kushoto, nikaupinda kulia, na nilipomvuta akazunguka kama mwendawazimu kisha akalala. Nilitengeneza wanene, wembamba, warefu. Wote walilala. Kulikuwa na wakati nilikuwa nao dazeni nzima kwenye pipa, wamelala pamoja kama wamekufa kwa sumu, na jirani mpya akachungulia juu ya bati akaniuliza ninafuga nini.

Hasira yangu ilinigeukia mwenyewe, kisha, lazima niseme, ikamgeukia yaya. Nilifikiri alikuwa na siri akaenda nayo. Nilifikiri miaka yote ile alinichezea. Mti wa modeli nao ulikuwa unakwisha. Makaa yalikuwa yakitoka Mutshatsha kwa treni, na treni zilipoadimika, mji mzima ulipikia chochote. Modeli za fonderi ziligawanywa kama kuni. Nimemwona mke wangu akisonga bukari juu ya moto wa modeli ya pampu niliyoichonga mwenyewe, nukta nyeusi bado inaonekana kabla haijashika moto. Nilikuwa nikimwomba aniachie vipande vyepesi, naye ananiachia, kisha anavitazama vikigeuka samaki wa kulala.

Siku moja, akichambua mboga mlangoni, alinionyesha ukuta kwa kisu.

"Fungula ule wa kijani," akasema. "Utaona mundani iko nini."

"Nikimufungula, amekufa."

"Na pale ku ukuta, iko muzima?"

Sikulala na wazo hilo vizuri. Yule wa kijani alikuwa ndiye wa mwisho ambaye mikono yetu miwili ilikuwa imemgusa. Nikimfungua nikakuta kitu cha kuelewa, nitaweza kutengeneza wengine. Nikimfungua nisielewe, nitakuwa nimeharibu kilichobaki cha rafiki yangu kwa udadisi. Na sikuwa na njia ya kumuuliza. Nilimtumia habari kwa wafanyabiashara waliokuwa wakipita Kamina, na wote waliniahidi, na hakuna aliyerudi na neno. Hata leo sijui kama alifika.

Nilimfungua kwenye meza ya chakula, asubuhi, mke wangu amekwenda sokoni. Sikutaka anione. Nilipasha maji, nikalainisha mastiki, nikapitisha wembe kwenye kiungo kidogo kidogo, nikimwomba radhi kwa sauti kama mtu anayenyoa mtoto. Gundi ikaachia. Nusu mbili zikaanguka mezani, upande wa ndani juu.

Nusu moja ilikuwa safi. Mti mtupu, alama za patasi yangu zipo kama nilivyoziacha, hakuna hata mkwaruzo. Risasi yote ilikuwa kwenye nusu ya pili. Yaya alichimba shimo refu jembamba upande huo mmoja tu, mbali na kiungo, karibu kabisa na shavu, akaijaza, akailainisha juu kwa kidole. Pembeni ya risasi ilikuwa nukta yangu nyeusi.

Mwanzo niliwaza kwamba amekosea. Kisha nikasema mtu hawezi kukosea akapata samaki anayesimama. Nikachukua kile kipimo cha chuma chenye taya mbili, cha kazini, nikapima nusu safi. Nikapima nusu ya nukta. Nikapima tena, kwa sababu sikuamini, nikifuta taya kwa shati.

Nusu ya nukta ilikuwa nene zaidi. Si sana, unene wa ukucha. Unene uleule niliouacha kwenye modeli zote za maisha yangu, ili fundi wa mashine apate nyama ya kuparua. Lakini samaki haparuliwi na mtu. Mkono wangu ulikuwa umemchonga kila samaki kama pampu, shavu la juu nene, shavu la chini jembamba, na mti ukiwa mwingi upande mmoja, upande huo huelea. Nilikimbia kwenye pipa, nikawatoa wale dazeni nzima bila kuwageuza, nikawafungua kwa nguvu, mmoja baada ya mwingine. Wote walikuwa wamelala na nukta juu, vilevile kama modeli zinavyolala kwenye kalibu ya mchanga.

Yaya alijua tangu samaki wa kwanza. Nani angejua kama si yeye? Alizipokea modeli zangu miaka yote, alizizika kwa mikono yake, aliujua ule unene kama ninavyoujua mwendo wa mke wangu. Na alikuwepo siku ya mzee wa mashine. Angeniambia, "Mudogo, samaki wako wamepinda," na mimi ningechukua kipimo, na tusingeongea mpaka leo. Hakusema. Alichukua samaki wangu waliopinda, akakaa kwenye kigoda, akatafuta uzito wa kuvinyoosha vichwa vyao, na wavuvi walipouliza nani fundi, akanielekeza kwa kidevu.

Nililia pale mezani. Kwanza nilicheka, nikikumbuka vile vidole gumba kule gare, kulia na kushoto, kisha nikalia kwa sauti, mtu mzima, na samaki waliopasuliwa wamenizunguka. Mke wangu alirudi akanikuta hivyo. Aliweka kikapu chini, akatazama meza, akangoja nimweleze. Nilipomaliza aliokota nusu moja, akaigeuza mkononi.

"Basi sasa umeyua," akasema. "Nyorosha mashavu yote mbili, biishe."

Alikuwa na haki. Nilichonga samaki mmoja sawasawa, nikiushika mkono wangu wa kulia kama unavyomshika mbuzi asiyetaka njia, nikipima kila mara. Mashavu yalilingana. Risasi katikati. Nilimtia kwenye pipa, akasimama wima mara ya kwanza, bila kusumbua. Nilimpeleka Nzilo, akaogelea vizuri, akaniletea samaki wawili wakubwa kabla ya jua kuwa kali. Niligeuka kusema kitu, kama tulivyozoea, na nyuma yangu kulikuwa na baiskeli moja.

Sikumpenda samaki yule. Hakuwa na kosa lolote, ndiyo shida yake. Hakuwa amemhitaji mtu wa pili. Kidole kimoja hakivunji chawa, wazee walisema, na huyu alikuwa ametengenezwa kwa kidole kimoja. Nilimpa mvuvi wa kwanza niliyekutana naye njiani, naye hakuelewa kwa nini, akanishukuru sana.

Yule wa kijani nilimrudishia nusu zake, nikamgandisha, yuko ukutani. Na mimi bado nachonga, ingawa macho yamepungua. Nakaa mlangoni mwa nyumba nikichonga nusu mbili, na mkono nauacha ufanye unavyojua, shavu la juu nene, nukta ndani. Mke wangu haulizi tena. Nikimaliza nainuka, nazichukua nusu zote mbili, nahamia kwenye kigoda cha yaya kando ya pipa, na kuanza kuchimba nafasi ya risasi upande wa nukta.